Reli Inapochepuka Uvinza: Kigoma na Majirani Zake wa Ziwani

Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Kigoma-Ujiji na watu wapatao 215,000, na Manispaa ya Tabora na watu wanaokaribia 227,000. Miji miwili ya reli ya kati, yote ya zamani, na tofauti ndogo tu kati yao. Miaka 10 baadaye Tabora ilikuwa imevuka 308,000, Kigoma-Ujiji ikaishia kwenye 232,000 hivi. Ukiuangalia mkoa wa Kigoma wenyewe, uliongezeka kutoka watu milioni 2.13 hadi milioni 2.47, yaani asilimia 16, huku makao makuu yake yakiongezeka kwa asilimia 8. Mji unaokua polepole kuliko vijiji vinavyouzunguka una jambo.

Sehemu ya jambo hilo ni hesabu ya mipaka tu, na ni haki kulisema mapema. Eneo la Kigoma-Ujiji ni dogo, limebanwa na Ziwa Tanganyika upande mmoja na vilima upande mwingine. Wengi waliohamia wamejenga Mwandiga na Kidahwe, ambako kwa karatasi za serikali ni halmashauri ya wilaya na si mji, ingawa asubuhi wote hao wanashuka mjini kutafuta riziki. Tabora ina ardhi tele ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko linavyoonekana. Ila lipo. Na Kasulu, uliokuwa mji wa kupita tu kwenda Kibondo, sasa halmashauri yake ina watu wanaokaribiana kwa idadi na wa Kigoma-Ujiji.

Sababu zinazotajwa siku zote tunazijua: Kigoma ni mbali, lami ilichelewa, umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Ni kweli tupu. Daraja la Kikwete pale Malagarasi limefunguliwa 2015 tu, na kabla ya hapo kwenda Tabora kwa gari msimu wa mvua ilikuwa ni kubahatisha. Lakini sababu hizi zote zinaipima Kigoma kwa kitu kimoja, umbali wake kutoka Dar es Salaam. Nadhani hapo ndipo uchambuzi mwingi unapopotea njia.

Tupime upande wa pili. Kutoka Kigoma hadi Kalemie, Kongo, ni kama kilomita 130 ukikata ziwa moja kwa moja. Bujumbura ni kama 170, Uvira vivyo hivyo. Tabora, mji mkubwa wa karibu zaidi ndani ya nchi kwa njia ya reli, ni zaidi ya 400. Dodoma inakaribia 800, na Dar es Salaam ni 1,250. Miji ya jirani ya Kigoma, ile ambayo mtu anaweza kupeleka mzigo na kurudi ndani ya siku chache, iko nchi nyingine. Wanazungumza lugha yetu: Kiswahili ni cha nyumbani Uvira na Kalemie, na Bujumbura kuna Buyenzi, mtaa ambao mtu wa Ujiji akishuka hahitaji mkalimani. Muha na Mrundi wanasikilizana bila shida. Wabembe wa Fizi na Baraka, upande wa Kongo, wana ndugu Katonga na Kibirizi, hapa Kigoma, na Wamanyema wa Ujiji wanajua babu zao walitoka ng'ambo ipi.

Mji wa namna hii haukui kwa nguvu zake peke yake. Mwaka 1973 William Alonso, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alieleza jinsi mji mdogo uliozungukwa na miji mingine unavyoweza "kuazima ukubwa" wa majirani zake: unatumia masoko yao, hospitali zao, mabenki na mafundi wao, na wenyewe wanatumia vya kwako, hata ukaishi maisha ya mji mkubwa bila kuwa mkubwa. Waliokuja baada yake wakaongeza upande mchungu wa hoja hiyo, kwamba jirani mkubwa anaweza pia kukufunika kwa kivuli chake na kukunyonya wateja na vijana. Yote mawili yanategemea njia kati yenu. Alonso aliwaza juu ya miji iliyo ndani ya nchi moja, ambako barabara haifungwi kwa sababu kule wamepinduana.

Kigoma imeazima ukubwa tangu enzi. Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na wakati huohuo kituo cha kwanza cha kuvukia kwenda Manyema. Pembe za ndovu na watumwa walipita hapo, na chumvi ya Uvinza ilikuwa ikiuzwa pande zote za ziwa tangu kabla ya Waarabu kufika. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alimkuta katika mji wenye wafanyabiashara wa pwani, na sokoni watu wa kila kabila la ziwani.

Kisha ziwa likahama. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, na mdomo wake uko pale Kalemie. Kwa muda mrefu mdomo huo ulikuwa umezibwa na tope na mimea, na maji yakawa juu. Mnamo 1878 kizuizi kikafumuka. Katika miaka iliyofuata maji yalishuka mita kadhaa, na ufukwe wa Ujiji, ambao ni tambarare, ukaenda mbali na mji. Leo ukitembelea mnara wa Livingstone, maji unayaona kwa mbali. Ghuba ya Kigoma yenye kina kirefu ikawa bora kwa meli, na Wajerumani walipoleta reli mwaka 1914 waliifikisha Kigoma, si Ujiji. Ujiji ilipoteza bandari yake kwa jambo lililotokea Kalemie. Ikabaki mtaa wa pili wa manispaa yenye jina la miji miwili.

Waliofuata walijua wanachokifanya. Reli ilifika Kigoma Februari 1914. Mwaka 1915, upande wa pili, Wabelgiji walikamilisha reli ya kutoka Kabalo hadi Kalemie, wakati huo Albertville. Hapo mto Kongo ukawa umeunganishwa na Bahari ya Hindi, na kipande cha kati kilikuwa maji kati ya Kalemie na Kigoma. Mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo yao maalumu ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyoitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kusumbuliwa na ushuru wa Tanganyika. Meli ya Liemba, iliyoletwa na Wajerumani vipande vipande kwa reli na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na kurudi kazini 1927. Kigoma ya miaka hiyo ilikuwa bandari ya Wabelgiji ndani ya ardhi ya Waingereza. Kwa maneno mengine, mipango yake ilichorwa kwa kuangalia ziwa zima.

Uhuru ukaleta mipaka mitatu mahali palipokuwa na njia moja. Sijutii uhuru, ninaeleza kilichotokea. Kila serikali ilijenga mji wake mkuu na barabara za kuelekea huko. Kigoma ikageuka mwisho wa reli.

Pigo lililoacha alama zaidi lilikuja 1996. Baada ya mapinduzi ya Julai mwaka huo, nchi jirani, Tanzania ikiwemo, ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Mwaka huohuo wa 1996 vita vya Kongo vilianza, na wakimbizi wakamiminika hadi kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kwa mpigo mmoja Kigoma ilipoteza soko la kaskazini na la magharibi. Bandari haikuwa na kosa lolote la kiufundi. Vikwazo vilipoondolewa mzigo wa Burundi haukurudi wote, kwani wenye malori walikuwa wameshazoea njia nyingine: reli hadi Isaka kisha barabara, au lori moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Kabanga na Kobero. Mteja akishazoea njia nyingine, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Linganisha na Tabora, kwani hapo ndipo tofauti ya zile takwimu za sensa inapoanza kueleweka. Tabora ina matawi: reli ya Mwanza tangu 1928, ya Kigoma, na ya Mpanda inayochepukia Kaliua, na sasa lami za Nzega, Itigi na Mpanda. Kila upande ni Tanzania. Sarafu moja, sheria moja, polisi wale wale. Upande mmoja ukilala, mingine inafanya kazi. Tumbaku nayo imechangia, sitaki kuilazimisha hoja yangu ibebe kila kitu. Lakini majirani wa Tabora hawafungiki kwa amri ya mkutano wa marais.

Kigoma hali ni nyingine, na mfano ni wa karibu. Aprili na Mei 2015 Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya watu walivuka na kukusanyika Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikageuzwa kivuko cha kuwaleta Kigoma, na uwanja wa Lake Tanganyika ukawa kituo chao cha muda kabla ya kupelekwa kambini. Mashirika yalipoingia, kodi za nyumba zilipanda, madereva na wakalimani wakapata kazi, na sehemu kubwa ya shughuli hiyo ikahamia Kasulu na Kibondo zilipo kambi. Ukuaji wa Kasulu nausoma humo kwa sehemu, pamoja na barabara ya Nyakanazi. Huo nao ni mtandao wa miji, ingawa hakuna aliyeupanga. Miaka ya karibuni Burundi imekosa mafuta na dola. Mnunuzi wa Bujumbura asipopata fedha ya kigeni kwa bei ya kueleweka, duka la jumla la Mwanga, mjini Kigoma, linauza kidogo. Vita vilivyoichukua Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata vilisogeza wasiwasi hadi Uvira, na mfanyabiashara wa Kigoma mwenye deni ng'ambo akawa hajui amdai nani.

Sasa shuka Kibirizi, maana ukikaa bandarini kwenye kreni huoni mtandao wenyewe. Boti za mbao, ndefu, zimeegeshwa kichwa kwenye mchanga. Makuli wanaingia maji ya kiunoni na mfuko wa saruji begani, umefunikwa nailoni. Kuna unga wa mahindi, sabuni, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, mabeseni ya plastiki yaliyopangwa moja ndani ya jingine. Kutoka ng'ambo huja vitenge, ambavyo mwanamke wa Kigoma anavijua kwa kuvishika tu kama ni vya Kongo au la, na madumu ya mawese. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga au kwenye chanja husafiri pande zote mbili, wengine hadi Lubumbashi. Mkononi mwa mchuuzi mmoja utakuta shilingi, faranga za Burundi, faranga za Kongo na dola mbili tatu zilizokunjwa ndani ya leso. Anakokotoa chenji kichwani haraka kuliko simu yako.

Biashara hii ndiyo inayoacha pesa mjini. Kontena lililofungwa lakiri likishushwa kutoka kwenye behewa na kupandishwa melini linaiachia manispaa kitu kidogo sana: mshahara wa makuli wachache na ada inayokwenda Hazina. Mchuuzi wa Uvira anayekuja na kulala siku mbili analipa gesti, anakula kwa mama lishe, anapanda bodaboda, ananunua dukani, anamtafuta dalali, na akiugua anakwenda hospitali ya Maweni. Kwa mji, wachuuzi 50 wana faida kuliko tani nyingi zinazopita zimefungwa. Lakini tani ndizo tunazozihesabu, kwa sababu zina hati.

Sheria zenyewe si adui. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ya Marekani, kilichotengenezwa kwa ajili ya mchuuzi wa namna hii hasa. Ni Zambia tu, kati ya nchi nne za ziwa, iliyo nje ya Jumuiya. Kwa karatasi, majirani wote watatu wa karibu wa Kigoma sasa wako soko moja nayo. Shida ni mchanga wa Kibirizi: hakuna baridi ya kuhifadhi samaki ya kutosha, kusi likivuma kati ya Mei na Septemba boti za mbao zinahatarisha maisha, na meli yenye ratiba ya kuaminika imekuwa hadithi, kwa kuwa Liemba ilikaa miaka bila kazi ikisubiri matengenezo.

Juu ya hali hiyo ndipo inakuja reli mpya. Mkataba wa SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za Kichina. Watu wa Kigoma walishangilia, na walikuwa na haki. Januari 2025 ukasainiwa mwingine, wa Uvinza hadi Musongati, ndani ya Burundi, ukilenga Gitega. Musongati kuna nikeli, na ndiyo iliyoipa reli hiyo sababu. Mpango wa mbali ni kufika Bujumbura, Uvira, hadi Kindu ndani ya Kongo.

Tazama ramani. Uvinza iko kiasi cha kilomita 100 kabla ya Kigoma. Behewa la Burundi litachepuka hapo na kupanda milimani. Mzigo ambao kwa miaka mia moja ulishuka Kigoma na kuvuka ziwa hadi Bujumbura hautakuwa na sababu ya kuliona ziwa. Na siku reli ikifika Uvira, Kigoma itakuwa imezungukwa kwa juu. Kusini nako, bandari ya Karema mkoani Katavi imejengwa kwa kulenga mizigo ya Kongo, Kalemie na Moba. Serikali moja inajenga njia tatu za kumfikia mteja yuleyule, na kila mkoa unaambiwa njia yake ndiyo lango.

Silaumu uamuzi wa Uvinza. Kwa nchi nzima una mantiki: madini hayasafirishwi kwa mitumbwi. Ninachokataa ni kuendelea kuiahidi Kigoma kwamba SGR itaikuza kwa sababu tu inafika. Ile ya 1914 nayo ilifika. Kilichoukuza mji miaka ile ni kwamba mwaka uliofuata reli nyingine ilikutana nayo ng'ambo, na kukawa na meli kati yao.

Kwa hiyo dau la Kigoma, kwa maoni yangu, liko kwa Kalemie. Burundi ya mizigo mizito itakwenda na Uvinza, tuiache. Burundi ya wachuuzi itabaki kwa barabara ya Manyovu, yenye lami tayari, na kwa boti. Uvira ipo katikati, inategemea amani. Kalemie ndiyo isiyo na njia nyingine fupi ya kwenda baharini, na nyuma yake kuna mkoa wote wa Tanganyika wa Kongo na njia ya kwenda Kabalo. Lakini ile reli ya Kabalo ni chakavu, na hakuna gati la Kigoma, hata liongezwe mara mbili, litakalojazwa na mji usioweza kuleta mzigo ufukweni. Fedha bora zaidi kwa bandari ya Kigoma huenda ni zile zitakazotumika Kalemie. Sentensi hiyo hakuna mbunge anayeweza kuisema jukwaani akapigiwa kura.

Tayari ziwa limeshalazimisha ushirikiano mahali pengine. Mkataba wa kulinda Ziwa Tanganyika ulisainiwa 2003 Dar es Salaam na nchi zote nne, na mamlaka yake ina ofisi Bujumbura. Tanzania ilipofunga uvuvi kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilifanya hivyo ndani ya makubaliano ya nchi za ziwa, kwa kuwa mgebuka haujui mpaka na kufunga upande mmoja ni kumnenepeshea jirani. Maji yalipopanda kuanzia 2020 hivi na kumeza nyumba na mialo, yalimeza Kibirizi, Gatumba, Uvira na Kalemie kwa pamoja. Kuhusu samaki na maji tunakaa meza moja. Kuhusu gati, meli na ratiba, kila mmoja na mkandarasi wake.

Manispaa yenyewe haina mamlaka ya kusaini chochote na Kalemie. Hayo ni ya wizara, Dodoma na Kinshasa. Hata hivyo, mjini Kigoma kuna ofisi ya ubalozi mdogo wa Kongo na nyingine ya Burundi, jambo ambalo miji mingi ya Tanzania yenye watu wengi zaidi haina. Zinatoa viza na kushughulikia wakimbizi. Kuzikalisha meza moja na ofisa biashara wa manispaa, forodha na viongozi wa wenye boti wa Kibirizi, kila mwezi, kupanga siku za boti na kuorodhesha bidhaa za cheti cha dola 2,000, hakuhitaji mkopo wa nje wala jiwe la msingi. Kunahitaji mtu wa kuitisha kikao.